Kushikwa Mkono kwa Lazima

Barua ya chuo ilileta habari mbili njema. Ya kwanza, binti wa Kapteni alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme. Ya pili, chuo kilikuwa kimemhurumia. Habari ya kwanza familia ilikuwa imeipigania miaka kumi na mitatu. Ya pili ilikuja yenyewe, bila kuombwa, na ndiyo iliyowatoa jasho.

Kapteni hakuwahi kukanyaga meli. Aliendesha gari la kunyonya maji taka, na jina hilo alibandikwa na majirani kwa jinsi alivyokuwa akisimama juu ya tangi, mikono kiunoni, akiamrisha mpira uvutwe kushoto au kulia. Mkewe alikuwa dobi katika nyumba ya wageni. Alifua na kupiga pasi mashuka ya watu asiowajua, na kwa kuyatazama mashuka hayo tu alijua mambo yao mengi kuliko walivyopenda. Mtoto wao wa pekee aliitwa Kikokotoo tangu akiwa na miaka minane, alipomwambia muuza duka kwamba chenji imepungua kabla hata muuza duka hajamaliza kuihesabu.

Kosa, kama lilikuwepo, lilifanyika siku ya kujaza fomu.

"Kazi ya baba," Kikokotoo alisoma.

"Andika dereva," Kapteni alisema.

"Dereva wa nini?" mkewe aliuliza huku ameshika pasi. "Unataka wadhani unamwendesha waziri? Andika kamili, mtoto asije akaitwa mwongo mbele za watu."

Basi ikaandikwa kamili: dereva wa gari la maji taka. Chuo kiliposoma maneno hayo kilishikwa na huruma papo hapo, na huruma ya ofisi ikishawaka haina wa kuizima. Alama za Kikokotoo za hesabu, ambazo zilikuwa za juu kuliko za wote waliopokelewa mwaka ule, zilikuwa ukurasa wa pili. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili.

Akaingizwa katika Mpango wa Kushikana Mkono.

*

Mpango ulikuwa wa vijana thelathini waliotoka, kwa lugha ya chuo, "katika mazingira yenye changamoto." Kila mmoja alipewa kitanda cha bure bwenini, begi lenye nembo na fulana mbili. Fulana ziliandikwa mgongoni kwa herufi kubwa NIMESHIKWA MKONO, ili hata mtu anayetembea nyuma yako asipitwe na habari. Sharti lilikuwa moja tu: kuhudhuria mafunzo ya maisha ya chuo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana. Asiyehudhuria ananyang'anywa kitanda.

Mratibu wa Mpango alikuwa mama mwenye sauti laini, sauti ya kuongea na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa.

"Hii," alisema siku ya kwanza, akiweka kiganja juu ya mashine, "inaitwa kompyuta. Msiogope."

Hawakuogopa. Kikokotoo alikuwa amechapa barua za watu kwenye duka la stesheneri likizo tatu mfululizo. Kijana aliyekaa pembeni yake alikuwa akitengeneza kompyuta mbovu na kulipwa, na ndiye aliyenyoosha mkono kueleza kwamba ile ya Mratibu haiwaki kwa sababu waya haujachomekwa.

"Mpigieni makofi," Mratibu alisema. "Mnaona? Amethubutu kusema."

Siku ya pili walifundishwa kula kwa uma na kisu. Bajeti ya chakula ilikuwa haijapitishwa, kwa hiyo kila mmoja alipewa kipande cha mkate akakikatakata kwa heshima zote.

Wakati Kikokotoo akikata mkate, wenzake wa darasani walikuwa kwenye maabara ya umeme, ambayo nayo ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana. Mhadhiri wa maabara alikuwa mtu mwembamba, mkavu, asiyejua utani. Kikokotoo alipomfuata kuomba radhi, hakuinua hata uso kutoka kwenye daftari lake.

"Umekosa vipindi viwili. Ukikosa cha tatu nafuta jina. Sitaki kujua umefiwa wala umeolewa."

"Sijafiwa, mwalimu. Nilikuwa nafundishwa kula mkate."

Mhadhiri akamtazama kwa mara ya kwanza. "Basi chagua," alisema. "Mkate au umeme."

Kikokotoo akaenda ofisini kwa Mratibu.

"Mama, ratiba zinagongana."

"Najua, mwanangu. Mwanzo ni mgumu."

"Si mgumu. Zinagongana. Huku saa nane, na kule saa nane."

"Hisia hizo ni za kawaida kabisa," Mratibu alisema, akamsogezea boksi la tishu. "Wengi mnaotoka mazingira kama yako mnajihisi hamstahili kusaidiwa."

"Naomba nibadilishiwe siku tu."

"Siku zilipangwa na wataalamu." Akafungua faili na kuandika kitu, huku akitabasamu ili asimtishe. Kikokotoo aliyasoma maneno hayo yakiwa juu chini: *Anaonyesha dalili za kukwepa msaada.* "Na kitanda, mwanangu, kinafuata mahudhurio. Si mimi, ni utaratibu."

Kikokotoo hakuchukua tishu. Alipiga hesabu akiwa bado amesimama pale. Nyumbani ilikuwa mabasi mawili na saa mbili na nusu, kwenda tu. Akipoteza kitanda, ataishi barabarani. Akipoteza maabara, hatakuwa na haja ya kitanda.

*

Chumbani aliwekwa na msichana ambaye bweni zima lilimwita Hoteli. Siku ya kuripoti aliuliza, kwa nia safi kabisa, nani huwa anakuja kutandika vitanda na saa ngapi. Jina likamganda.

Chuo kilikuwa kimewaweka pamoja makusudi, "ili wanafunzi wa asili mbalimbali wajifunze kwa wenzao." Baba yake Hoteli alikuwa Mkurugenzi, na fomu yake ilisema hivyo hivyo, Mkurugenzi, bila kueleza wa nini. Kwa neno hilo moja chuo kiliridhika kwamba binti huyo hana shida yoyote duniani.

Alikuwa hajala chakula cha kueleweka kwa siku sita. Hakujua kupanga foleni ya kantini. Alikuwa akisimama pembeni akisubiri mtu amwone, na kwenye kantini ile kila mtu alikuwa anaitazama sahani yake. Alikuwa hajawahi kulala kwenye chumba ambacho mama yake hayupo upande wa pili wa ukuta. Nguo zake chafu alizisokomeza kwenye sanduku na kulifunga kwa ufunguo, nazo zikaanza kuota ukungu. Kila jioni aligeukia ukutani na kulia taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kulia.

Jioni ile Kikokotoo aliporudi kutoka kwa Mratibu, alimkuta ameketi sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi. Harufu ilikuwa imejaa chumba.

"Hivi nguo zikishakuwa hivi," Hoteli aliuliza, "zinatupwa?"

"Zinafuliwa."

"Zinafuliwaje?"

Kikokotoo alidhani anataniwa. Alipoona macho yale, akagundua hataniwi.

"Kwenu nani anafua?"

"Sijui," Hoteli alisema, akaanza kulia tena. "Huwa nazikuta kabatini."

Kikokotoo akachuchumaa kando yake. Akamwelekeza kutenganisha nyeupe na za rangi, jinsi mama yake alivyomfundisha, huku akimsimulia habari ya Mpango, mkate na mhadhiri, kwa hasira.

Hoteli akaacha kulia. "Huko kwenye Mpango wanafundisha nini kingine?"

"Upuuzi. Kesho kutwa ni kujitegemea. Kufua, kupanga foleni, kumuaga mama kwenye simu bila kulia. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ratiba."

Hoteli akaweka chini soksi aliyokuwa ameishika.

"Mimi nataka kwenda," Hoteli alisema.

"Hawakupokei. Baba yako Mkurugenzi."

"Wanawajua kwa sura?"

Kikokotoo alifikiri. Siku zote mbili Mratibu alikuwa amewaita "vijana wetu," na hata leo ofisini hakuwa amemtazama vizuri wala kumuuliza jina. Mahudhurio yalikuwa karatasi inayozungushwa, unaandika namba ya usajili na kusaini.

"Hapana," alisema polepole. "Hawatujui kabisa."

Ijumaa saa nane mchana, Kikokotoo alikuwa maabara ameshika waya. Hoteli alikuwa kwenye Mpango, amevaa fulana iliyoandikwa mgongoni, akiandika kila neno.

*

Mambo yalikwenda hivyo kwa wiki saba, tena yalikwenda vizuri kuliko mambo mengi yaliyopangwa na wataalamu. Kikokotoo alifidia vipindi vyake hadi mhadhiri akaacha kumkaripia, jambo ambalo kwa mhadhiri yule lilikuwa sawa na kukumbatiwa. Hoteli alinenepa. Alijifunza kusema "samahani, mimi nilikuwa mbele yako" na kutosogea. Siku alipofua shuka lake la kwanza alilipiga picha akamtumia mama yake, na mama yake akapiga simu kuuliza kama amepatwa na jambo.

Balaa lilitokana na mahudhurio. Mwanafunzi mwenye namba ya Kikokotoo alikuwa hajakosa hata siku moja. Aliuliza maswali. Mara mbili alitokwa na machozi ya shukrani. Mratibu, aliyekuwa akitafuta kijana wa kusimama mbele ya wageni siku ya wafadhili, hakuhitaji kutafuta zaidi. Akamwandikia hotuba yeye mwenyewe.

"Siwezi," Hoteli alimwambia Kikokotoo usiku ule ule. "Nitamwambia naumwa."

"Atakuja kukutembelea chumbani na kutukuta wawili."

"Basi nitaisoma haraka haraka nishuke."

Hawakujua kwamba kompyuta ishirini za Mpango zilikuwa zimetolewa na kampuni ya Mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa karibu hajui. Jambo hilo lilifanywa na watu wake wa kodi. Lakini mwaliko ulikuja, na nafasi ya kukaa mstari wa mbele, naye akaja.

Hoteli alipanda jukwaani akiwa ameinamisha uso kwenye karatasi.

"Mimi ni mtoto wa dereva wa gari la maji taka," alisoma. "Kabla ya Mpango sikuwahi kuota ndoto. Nyumbani kwetu hatukuwa na—"

Mkurugenzi alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu na kupiga makofi kwa mkono mmoja pajani. Sauti ndiyo iliyomshtua. Akainua kichwa. Baba na binti wakatazamana.

"Huyu ni mwanangu!" Mkurugenzi alisema kwa nguvu, akisimama.

Mratibu akajifuta jicho. "Asante sana, Mkurugenzi," alisema kwenye kipaza sauti. "Ni kweli. Wote ni wanao."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

*

Wito wa kamati ya nidhamu uliletwa nyumbani kwa mkono, siku ya Jumamosi, wakati Kapteni akisugua mikono yake kwenye karai nje ya mlango. Alikuwa na desturi ya kusugua mara tatu, na bado watu walimpa salamu kwa mbali. Mkewe ndiye aliyepokea barua na kuisoma, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti.

"*Udanganyifu wa utambulisho.* Maana yake nini?"

"Maana yake wamemfukuza," Kapteni alisema.

"Hawajamfukuza. Wametuita." Akamgeukia binti yake, aliyekuja na basi la jioni na sasa alikuwa amesimama jikoni na begi mgongoni, hajui aliweke wapi. "Ulifanya nini?"

Kikokotoo akasimulia yote, bila kuruka. Alipomaliza, mama yake alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni.

"Kwa hiyo kosa lako ni kwamba ulikuwa darasani."

"Kosa langu ni kumpa mtu namba yangu."

"Na yule mtoto wa watu amejua kufua?"

"Anajua. Mpaka kola."

Mama akatingisha kichwa. Ilikuwa vigumu kujua kama anasikitika au anakubali.

Kapteni hakuona kichekesho chochote. "Tutakwenda na kuomba msamaha," alisema. "Wakisema nyeusi, unasema nyeusi. Wakisema umekosa adabu, unasema ndiyo nimekosa. Tumetoka mbali, mwanangu. Usinijibie watu kwa hesabu kule."

"Na ukipiga magoti nikuletee mkeka?" mkewe aliuliza.

"Nitapiga! Kwani magoti ni ya nini?"

"Ungepiga siku ya fomu. Ulitaka kuandika dereva, mimi nikakuzuia. Ningekuacha tu, angekuwa mtoto wa dereva, asingehurumiwa na mtu." Akasimama kwa ghafla na kuingia ndani. Walimsikia akifungua kabati, akitoa suti ya arusi ya mumewe, na pasi ikigonga meza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda. Jumatatu, siku ya kamati, nyumba ya wageni ilikuwa na wageni wa semina, na meneja alisema mashuka hayawezi kusubiri mambo ya familia.

*

Suti ilikuwa imebana mabegani. Kapteni alipoingia chumba cha kusubiri alikuwa ameoga kwa sabuni aina mbili na kujipaka mafuta ya mkewe. Mratibu, ambaye alikuwa mtu mwema, alimkaribisha kwa mikono miwili, kisha akaenda kufungua dirisha. Alilifungua kabla Kapteni hajakaa.

Mkurugenzi alikuwa tayari ameketi, mguu juu ya mguu, na binti yake kando.

"Wewe ndiye baba," alisema.

"Ndiyo, bosi. Shikamoo."

Walikuwa karibu umri mmoja. Mkurugenzi aliipokea shikamoo hiyo bila kusita.

"Binti yako amemtumia binti yangu. Amemvalisha fulana, amempandisha jukwaani mbele ya watu ninaofanya nao kazi, atangaze kwamba nyumbani kwetu hakuna choo!"

"Haikufika kwenye choo, Baba," Hoteli alisema. "Ulinikatiza."

"Nyamaza."

Kapteni alikuwa anamtazama Mkurugenzi kwa makini, si kwa ubaya, kama fundi anavyotazama kitu alichowahi kukishika.

"Choo kipo, bosi," alisema kwa upole. "Nyumba ya geti la kijani, kona ya tatu. Mashimo mawili, moja lina mfuniko wa chuma umepasuka. Nakuja kila baada ya miezi minne. Hatujawahi kuonana kwa sababu mimi huwa napita nyuma, ila picha yako ya ukutani naiona kupitia dirishani."

Mkurugenzi akashusha mguu.

"Ule mfuniko ubadilishwe," Kapteni aliongeza. "Mtoto anaweza kutumbukia."

Hakuwa anamsuta. Alikuwa na wasiwasi kweli. Na kwa sababu alikuwa na wasiwasi kweli, Mkurugenzi akatoa simu na kuikodolea macho ingawa haikuwa imelia.

*

Kamati ilikuwa ya watu watano na chupa tano za maji. Mwenyekiti alianza na Hoteli.

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Niliomba mwenyewe."

"Uliahidiwa kitu?"

"Nilitaka kujifunza kufua."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti aliandika na kusoma alichoandika ili katibu apate: "Mwanafunzi alishawishiwa."

"Sikushawishiwa," Hoteli alisema. "Nilikuwa silali. Nilikuwa sili. Kuna mtu yeyote hapa aliyeniuliza? Fomu yenu haina hata sehemu ya kuandika hivyo."

"Tunaelewa uko kwenye mfadhaiko," mwenyekiti alisema. "Unaweza kukaa."

Kisha akamgeukia Kikokotoo, na sauti ikabadilika, kama redio inapohamishwa kutoka muziki kwenda taarifa ya habari.

"Kwa nini ulidharau msaada uliopewa?"

Kikokotoo alimtazama baba yake. Kapteni alikuwa ameinamia magoti yake, midomo ikicheza: kubali, kubali.

"Sikuudharau. Nilikuwa darasani."

"Swali ni kwa nini hukuwa kwenye Mpango."

"Kwa sababu nilikuwa darasani."

"Tunaomba ujibu swali."

"Saa nane ni moja, mheshimiwa. Ningefanyaje?"

Mhadhiri wa maabara, ambaye aliitwa kama shahidi na hakutaka kuwepo, aliulizwa tabia ya mwanafunzi. "Anahudhuria," alisema. Akaulizwa kama ana la kuongeza. "Anajua," alisema, akatazama saa yake.

Wajumbe walitoka nje nusu saa. Waliporudi, Hoteli alipewa onyo la mdomo, kwa kuzingatia umri wake mdogo. Alikuwa amemzidi Kikokotoo miezi mitano. Kikokotoo aliondolewa kwenye Mpango na kunyang'anywa kitanda kuanzia siku hiyo. Mwenyekiti alivua miwani ili nasaha ziingie vizuri.

"Wengi katika hali yenu wangeililia nafasi kama hii. Chuo kimewashika mkono, ninyi mmeukata. Mzee, nadhani hata wewe unaona aibu. Ni vyema mkashukuru kwamba—"

"Samahani, mheshimiwa," Kapteni alisema.

Alikuwa amesimama. Kikokotoo alifumba macho, akisubiri kusikia magoti yakigusa sakafu.

"Darasani anaendelea?"

"Nini?"

"Masomo. Hayo ya umeme. Anaendelea au haendelei?"

Mwenyekiti akawatazama wenzake. "Anaendelea. Hilo halikuwa—"

"Basi," Kapteni alisema. Akashika begi la binti yake. "Tumeshukuru."

Na wakatoka, nasaha zikiwa hazijafika katikati. Kwenye korido Kapteni alisimama kujifuta jasho. Suti ilikuwa imeachia mshono wa kwapani.

"Mama yako asijue kwamba nimemkatiza mkubwa," alisema.

"Nitamwambia leo leo," Kikokotoo alijibu.

*

Miezi iliyofuata haikuwa na utukufu wowote. Kikokotoo alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi jua limezama. Alisoma amesimama kwenye basi, kitabu akikishikilia juu ya bega la abiria mwingine. Mama yake alibadilisha zamu ili wafuatane mpaka kituoni, akamwambia meneja kwamba ni kwa ajili ya afya. Kapteni aliuza redio yake kwa ajili ya nauli, akasema kwamba hata hivyo ilikuwa inakwaruza. Mara mbili Kikokotoo alipitiliza kituo kwa usingizi, mara moja akalia barabarani mchana kweupe mbele ya watu, akajifuta, akapanda basi la kurudi. Siku za mvua Hoteli alimwekea sahani ya chakula kantini, aliyoipata kwa kupanga foleni mwenyewe, na akazoea kupokea salamu za "pole" kutoka kwa watu waliodhani bado ni mtoto wa maji taka. Hakuwasahihisha.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Hoteli alipita masomo yote, moja kwa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa, akaruka kama amepewa nyota. Katika uhandisi wa umeme, kati ya wanafunzi mia moja na kumi, Kikokotoo alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa yule kijana wa kutengeneza kompyuta, ambaye naye ilikuja kujulikana kwamba alikuwa akisainiwa na binamu yake.

Jumapili ya pili baada ya hapo, Mratibu alifika nyumbani kwa Kapteni. Alikuja na kijana wa kamera na boksi la biskuti. Aliketi kwenye kiti bora, akasifu usafi wa nyumba kwa mshangao uliozidi kidogo, akamshika Kikokotoo mkono, safari hii kwa vidole hasa.

"Tunajivunia sana," alisema. "Tunaandaa taarifa ya mwaka kwa wafadhili. Tungependa hadithi yako iwe ya kwanza. Mambo ya nyuma tumeyasahau."

"Sisi bado hatujayasahau," mama alisema. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Mama, mtoto wako alikuwa wa Mpango. Iko kwenye kumbukumbu. Mahudhurio yake ni asilimia mia moja."

Kapteni alikohoa kwa adabu, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kijana wa kamera alikuwa ameshatoka uani, akiuliza kama wanaweza kumpiga picha binti akiwa pale kwenye karai, pana mwanga mzuri.

"Naomba nikuulize, dada," mama alisema. "Alikuja kwako mara ngapi, huyu?"

Mratibu akatabasamu. Tabasamu likakaa usoni muda mrefu kuliko lilivyokusudiwa.

"Mara mbili," Kikokotoo alisema.

"Mara mbili," mama alirudia. Akaweka shati juu ya mengine na kulinyoosha kwa kiganja. "Huyu alishikwa na baba yake, na basi la saa kumi na moja. Wa kwako ni yule mwingine, yule wa geti la kijani. Alikuja kwako kila siku, akafundishika, anafua mpaka kola. Kampigeni picha kwao."

Mratibu aliuachia mkono wa Kikokotoo. Akaomba maji. Mama akampa, kwenye glasi, akasubiri ayamalize yote, kisha akamsindikiza mpaka mlangoni na kumrudishia boksi lake la biskuti, akimtakia safari njema kwa upole mkubwa.

Aliporudi ndani, mumewe alikuwa ameinama, mabega yakitikisika. Alidhani analia, akamsogelea haraka. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, cha mtu aliyekizuia tangu siku ya kamati.

"Ungeacha biskuti," Kapteni alisema.